Nusu ya Mbele ya Gari la Shemeji Derus

Shemeji yangu Derus anaendesha gari la shule, lile la njano, na wallahi hakuna dereva mwoga kama yeye mji mzima wa Taiping. Konokono akivuka barabara, Derus anasimama, anamsubiri amalize, ndipo anaondoka. Watoto wanapanda asubuhi wamelala na wanashuka shuleni bado wamelala. Miaka yote hiyo hajakwaruza hata kioo cha pembeni, na akina mama wa kwetu Kamunting wanamwombea dua kila Ijumaa.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Naitwa Mahani, nauza wali wa nazi, na ukuta wa jiko langu ndio ukuta wa banda lao la gari. Kwa hiyo haya nisemayo sikuhadithiwa. Niliyasikia mwenyewe, na pale niliposikia nusunusu nilishusha sufuria nikaenda kuchungulia.

Humo bandani ndimo alimomficha mke wa pili. Msishtuke, ni gari. Gari la mbio la Kijapani, jekundu, la viti viwili, fupi mpaka ukitaka kuingia unajiangusha tu na kutoka unaita watu. Taa zake za mbele zinalala ndani ya boneti, ukiwasha zinainuka kama macho ya chura. Lakini kwa uzee, moja ilikuwa inainuka na nyingine inasita, ikawa gari linamkonyeza kila mtu. Mjane mmoja wa mtaa wa nyuma alikuja kwa dada kushtaki, "Mumeo hana adabu."

Na injini, jamani shikeni hapa maana kisa chote kimo humu, injini yake haiko mbele kama ya magari ya watu. Iko nyuma ya viti, mgongoni kwa dereva. Huko mbele chini ya boneti kuna rejeta ya kupoza maji na tairi la spea, basi.

Siku moja nilimuuliza, "Shemeji, hilo dude lina nini hasa? Halina nafasi hata ya kuweka gunia la mchele."

Akafuta mikono kwa kitambaa, akaniambia, "Mahani, kutwa nzima mimi nabeba watoto wa watu. Mguu wangu ukiteleza, ni watoto wa watu. Nikiingia humu nabeba roho yangu peke yangu."

Nilikuwa nimeshajiandaa kumcheka. Nikashindwa, nikarudi kwenye wali wangu.

Sasa, kati yetu na mji wa Padang Rengas kuna kilima kinaitwa Bukit Berapit. Barabara ya zamani inapanda kwa kona, inafika kileleni, halafu inateremka moja kwa moja mpaka mjini kwao. Gari la Derus lilikuwa na ugomvi na kilima hicho. Likifika kona ya mwisho kabla ya kilele, maji yanachemka, moshi unatoka mgongoni, linazima. Na kila likizima, anayekuja ni Haji Tarmizi wa Padang Rengas, mwenye lori la kuvuta magari mabovu, mtu wa tumbo kubwa na mdomo mkubwa zaidi. Analipandisha gari mgongoni mwa lori, anamkalisha Derus mbele pembeni yake, na njia nzima anamtania.

"Derus, nikuwekee kibao hapo kwenye kona? 'Kituo cha Derus'?"

Mara ya nne, Derus alikuwa na mwanawe Azrai, na Haji alikuwa na binti yake Husna kwenye usukani wa lori, maana mkono wa Haji ulikuwa na jipu. Derus akawa anatazama moshi. Azrai akawa anatazama kwingine. Mwaka haukuisha, tukapeleka posa.

Siku ya posa ndiyo iliyoleta balaa. Tumekaa, tumekula, wazee wamekubaliana, kila mtu anajifuta mikono, Haji Tarmizi akakohoa akasema mbele ya ukoo mzima, "Sharti langu moja. Bwana harusi aletwe na baba yake, kwa lile gari jekundu, maana ndilo lililotukutanisha. Na msiwe na wasiwasi, lori langu nitalifunga maua, niliegeshe hapo getini. Gari likizima, tunalifuata!"

Watu walicheka mpaka wakalia. Derus alicheka, akaitikia sawa. Mimi nilicheka, nisiseme uongo. Dada yangu Saodah hakucheka. Mke wa Haji alikuwa amemtazama kwa jicho la pembeni huku kafunika mdomo kwa ncha ya mtandio, na dada akitazamwa hivyo hasahau.

Tulipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua viatu, akasema, "Baba Azrai, nisikilize vizuri. Utamleta mtoto kwa gari hilo, kwa sababu umeshakubali mbele ya watu. Lakini siku ya harusi ukifika pale mgongoni mwa lori la yule mzee, Jumatatu yake nalipeleka gari kwa wanunua vyuma chakavu. Nakuapia kwa marehemu mama."

Dada akimtaja marehemu mama, jua imeisha. Derus akavua kofia, akaivaa tena. Usiku ule nilimsikia bandani anakifungua na kukifunga kifuniko cha injini.

Kesho yake alikwenda kwa Kok Wah, fundi wake wa tangu ujana, karakana yake iko nyuma ya kituo cha zamani cha reli. Wakakubaliana: injini ile imechoka, haina dawa. Lakini kuna modeli mpya ya gari lilelile, iliyotoka miaka kadhaa baadaye, yenye injini yenye nguvu na isiyochemka, na inaingia kwenye gari la zamani ukiongeza vipande viwili vitatu vya chuma.

Huku kwetu anayetaka injini hanunui injini. Ananunua nusu gari. Gari zima linakatwa huko Japani katikati, linapakiwa kwenye kontena, na ile nusu inakuja na injini, giaboksi, waya, usukani, hata kalamu ya mwenyewe ukibahatika. Unakwenda kwenye yadi ya vipuri, au unapiga simu, unasema "nataka nusu ya gari fulani," unaletewa. Hakuna anayeuliza nusu ipi. Nusu ni ya mbele. Ndivyo ilivyo tangu enzi, kwa sababu magari ya watu wenye akili zao yana injini mbele.

Derus alipiga simu yadi ya Butterworth. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Nusu ya modeli mpya, safi, isiyogongwa." Mwenye yadi akasema ipo, nyekundu. Derus akampa Kok Wah simu, Kok Wah naye akasema, "Nusu safi, ee?" Mtu mzima yule, fundi wa miaka yote, mikono imeshalitoa gari lile injini mara tatu. Wakafurahi, wakanywa kahawa kwangu, hawakulipa.

Nusu ikafika siku ya mvua kubwa, imefunikwa turubai. Mtaa mzima ulitoka. Kok Wah alikuwa ameshaandaa mnyororo wa kunyanyulia injini. Derus kavaa shati safi. Saodah kasimama mlangoni mikono kiunoni. Wapakuzi wakaiteremsha, lori likageuka likaondoka, na sheria ya yadi zote ni moja: kikishuka hakipandi.

Derus akavuta turubai.

Wallahi ilikuwa nzuri. Boneti inang'aa. Taa mpya zisizolala, za kioo, zimekaa wazi usoni. Bampa halina hata alama. Usukani upo, dashibodi ipo, vioo vipo. Kok Wah akafungua boneti, akainama. Akainama zaidi.

"Kaka Derus," akasema.

"Nini?"

"Njoo uone injini yako."

Derus akasogea. Nikasogea na mimi, sufuria mkononi. Ndani kulikuwa na rejeta, feni mbili, na tairi la spea.

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka nikaketi kwenye maji. Kok Wah alijipiga kofi la paji la uso, akajipiga la pili. Derus alizunguka ile nusu mara mbili, akifika nyuma anachungulia palipokatwa, kana kwamba injini imejificha inamtania.

"Tauke," akamwambia Kok Wah kama tunavyowaita wenye biashara huku, "wewe ni fundi!"

"Na wewe ni mwenye gari! Miaka yote unaikalia injini mgongoni, leo umeisahau?"

"Wewe ndiye uliyesema nusu safi!"

"Si ni safi? Tazama!"

Saodah aliingia ndani, akatoka na kalenda ya ukutani, akainua juu watu wote waione, akaweka kidole kwenye tarehe ya harusi. Halafu akarudi ndani. Pale kicheko kikanitoka chote, maana nilimwona Derus usoni. Alikuwa ameshika ile taa mpya kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Wakapiga simu yadi. Nusu ya nyuma? Aa, mara nyingi hizo za nyuma huko huko Japani wanaziacha, nani anazitaka? Labda itatokea. Labda haitatokea.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kok Wah alikunywa kahawa tatu, akaizunguka nusu, akasema, "Kaka, hebu tufikiri. Gari lako linakufa kwa nini?"

"Linachemka."

"Kinachopoza maji kiko wapi?"

"Mbele."

"Na hii ni nini?"

Wakatazamana. Derus alimbusu Kok Wah kwenye kipara.

Basi ikaanza kazi. Boneti mpya ilizidi urefu kwa upana wa vidole viwili, wakakata, wakachomelea, wakapaka. Matundu ya skrubu hayakukutana hata moja. Modeli mpya imetoboliwa huku, ya zamani kule. Zile taa za chura zikang'olewa, zikaingia taa za kioo. Rejeta mpya, kubwa, ikakaa. Mjane wa nyuma alipita akaliona gari halikonyezi tena, nadhani alisikitika.

Kilichowatoa jasho ni waya. Waya za modeli mpya zina pini nyingi kuliko za zamani, na Kok Wah anasema yeye ni wa spana, si wa umeme. Akiunganisha hivi, ukipiga honi kioo kinashuka. Akigeuza, ukishika breki redio inaimba. Kila jioni nasikia ukutani:

"Washa!"

"Nimewasha!"

"Nini kimewaka?"

"Waipa!"

Mwishoni kila kitu kilitulia ila feni za rejeta. Zilikataa katakata kuzunguka. Halafu Derus kwa bahati akagusa indiketa ya kushoto, na feni zote mbili zikavuma. Akazima, zikalala. Ya kulia, hakuna kitu. Ya kushoto tu.

"Nitarekebisha," akasema Kok Wah.

"Harusi ni kesho," akasema Derus. "Usiguse. Nitapanda kilima na indiketa yangu."

Siku ya harusi mvua ilitupa nafasi. Msafara ukapangwa: mbele gari jekundu, Derus kwenye usukani na Azrai pembeni, amevaa nguo za dhahabu na kilemba, magoti yako kidevuni. Nyuma yake gari la shule la njano, tumo mimi, dada, na vijana wapiga kompang, zile ngoma bapa za harusi, linaendeshwa na binamu yetu. Nyuma yetu Bidin, mtoto wa shangazi, na gari lake, amebeba sinia za zawadi. Wengine wakafuata.

Dada aliwaambia wote: "Msifuate indiketa yake! Indiketa yake ni ya feni!" Wote walitikisa kichwa. Bidin alikuwa anapaka nywele mafuta.

Tukaanza kupanda Berapit. Taa mpya zinang'aa, indiketa ya kushoto inapepesa tiki-tiki-tiki, gari linapanda. Malori yanayoshuka yanatupigia honi. Kona ya kwanza, ya pili. Dada kashika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, midomo inacheza, sijui anasoma dua au anatukana. Kwenye njia ya mashamba ya mpira inayoingia kushoto, nikasikia mtu nyuma anasema, "Bidin! Bidin!" Nikageuka, nikaona sinia zetu zote na keki zinapotelea kwenye miti ya mpira.

"Mwache," akasema dada. "Atarudi."

Ikaja ile kona. Kituo cha Derus. Gari jekundu likaingia, halikuchemka. Likapita katikati ya kona, halikuchemka! Nikashangilia. Vijana wakapiga ngoma. Kok Wah, aliyekuwa nyuma kwenye pikipiki yake, akanyanyua mikono yote miwili karibu aanguke.

Na hapo, pwaa!

Rejeta ilikuwa kijana, mwenzangu, lakini mpira unaopeleka maji nyuma kwenye injini ulikuwa ule ule wa zamani. Nguvu za rejeta mpya zikaupasua. Moshi mweupe ukafunika barabara. Injini ikakohoa, ikazima. Indiketa peke yake ikaendelea, tiki-tiki-tiki.

Tukashuka. Derus alikuwa ameshika usukani anatazama mbele. Hakutaka kutazama kioo cha nyuma, maana alijua dada ndiye anayekuja humo. Azrai akasema taratibu, "Baba, nimpigie Haji simu?"

"Piga," akasema Derus. Sauti ilikuwa ndogo, ile anayoitumia mtoto akitapika garini. "Mpigie, mwanangu. Usichelewe kwenye ndoa yako kwa ajili ya chuma."

Azrai akatoa simu. Na hapo dada yangu Saodah, mwenye nguo ya zambarau iliyofumwa nyuzi za fedha, aliyoilalia foleni kwa fundi cherehani, alivua viatu. Akanipa. Akainamia kioo cha gari.

"Weka simu hiyo chini."

"Mama, gari limezima."

"Sijasema halijazima. Kutoka hapa mpaka kileleni kuna umbali gani?"

Tukatazama. Kilele kilikuwa pale, unakiona, jiwe la maili limesimama juu yake.

"Mama Azrai," Derus akasema, "utachafuka."

"Yule mwanamke alinitazama!" dada akapiga kelele. "Alinitazama na mtandio mdomoni! Unadhani nitaingia kwake nalifuata lori? Weka bila gia! Nyie wa ngoma, mmeletwa kula? Shukeni!"

Tukasukuma. Vijana kumi na ngoma mgongoni, Kok Wah, binamu, mimi na viatu vya dada mkononi, na dada katikati, mikono kwenye kifuniko cha injini juu ya kanga ya mtu maana kilikuwa cha moto. Alisukuma akiitaja familia ya Haji Tarmizi mmoja mmoja. Gari likaenda, likasita, likaenda. Kijana mmoja aliteleza, ngoma yake ikashuka kilima peke yake na hatukuiona tena. Tukafika kwenye jiwe. Gari likatutoka mikononi.

Likateremka kimya kimya, jekundu, linazidi kushika kasi, likapotea konani. Tulikimbilia gari la njano. Dada alivaa viatu njiani, akajifuta uso, akanigeuzia mgongo nimkung'ute vumbi.

Nyumbani kwa Haji Tarmizi ni palepale barabara inapomaliza kushuka. Lori lilikuwa getini kweli, limefungwa maua ya karatasi kichwa mpaka mkia, na Haji amesimama mbele yake na kundi la wageni, ameshaandaa maneno. Tuliyakuta yamemkwama kooni. Maana gari jekundu lilikuwa limeingia uani kwake bila sauti. Halikunguruma hata kidogo. Limetelezea chini ya mahema, taa mpya zinawaka, likasimama juu ya zulia, na Azrai akatoka, yaani akavutwa akatoka.

"Mbona halina kelele?" mtu akauliza.

"Ni la umeme hilo!" akajibu mwingine.

"Hee! Derus ameweka umeme!"

Mke wa Haji mtandio ulimdondoka. Dada aliuona ukidondoka, na mpaka leo akiwa na huzuni hunikumbusha nisimulie hapo.

Lakini Haji Tarmizi si mgeni wa magari. Nilimwona anazunguka polepole mpaka nyuma. Akaweka kiganja kwenye kifuniko cha injini, akakitoa haraka. Akatazama chini. Maji ya kijani yalikuwa yanatona, yanaanza kutengeneza kidimbwi kwenye zulia lake, na watu wanasogea waone gari la umeme. Akamtazama Derus. Derus akamtazama. Mtu yule alikuwa na watu mia mbili mbele yake na utani wa maisha yake mdomoni.

Haji akamnyang'anya shangazi wa watu chupa ya maji ya waridi ya kunyunyizia maharusi. Akaimimina yote juu ya kile kidimbwi.

"Gari limekuja na baraka!" akatangaza. "Acha tulibariki na sisi! Rudini nyuma, msiliguse, haya ya kisasa hayataki mikono. Litalala hapa kwangu leo, kwa heshima. Pigeni ngoma!"

Derus akamshika mkono, akashindwa kuuachia. Macho yake yalikuwa yamejaa, na ya Haji pia, ingawa Haji alisema ni moshi wa jikoni.

Bidin alifika tumeshakula.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yetu kumpokea bi harusi. Tumepika, tumepanga, tunasubiri maharusi, tukasikia mngurumo wa lori. Haji Tarmizi, na maua yake bado. Mgongoni mwa lori kuna gari jekundu, na nyuma ya gari jekundu kuna kitu kimefunikwa turubai.

Saodah akatoka mikono kiunoni. "Hicho nini?"

"Mkwe," Haji akamwambia Derus, "wewe sasa ni ndugu. Kukutoza siwezi tena, na wewe kuacha kuharibikiwa huwezi. Nimefikiri nikaona nitafilisika. Nimewasumbua wa yadi mpaka wakanitafutia."

Nani alimwambia habari za nusu ya mbele? Msinitazame mimi. Ukikaa jikoni kwa watu unachambua dagaa, huwezi kuchambua kimya.

"Msifunue bado!" akasema dada. "Kok Wah, hakikisha kwanza. Isije ikawa tairi la spea la pili."

Kok Wah akaingiza kichwa chini ya turubai, akakaa huko muda. Akatoka anacheka. "Ipo! Ina injini!"

Derus hakulikimbilia turubai. Alimgeukia mkewe. "Mama Azrai, uliapa kwa marehemu mama. Gari limerudi mgongoni mwa lori."

"Niliapa siku ya harusi likifika mgongoni mwa lori. Siku ya harusi lilifika kwa mikono yangu hii." Akamwonyesha viganja, bado vina wekundu wa joto. "Nimelisukuma mwenyewe, nani wa kuliuza? Na tangu leo kile kiti cha pili ni changu."

Ile injini ilipokaa, walikwenda kuijaribu Berapit, Derus na dada. Mimi nilipanda pikipiki ya Kok Wah, tukafuata tushuhudie. Jamani, nguvu ile ungeisikia tumboni. Lakini kilima kilipoanza, mbona tunawakaribia? Lori la saruji likawapita. Basi la watalii likawapita. Tukawapita na sisi, tukapunguza mwendo tukaenda nao sambamba. Derus alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kifua mbele, mwendo uleule wa watoto wa shule.

Vioo viko wazi, dada anapiga kelele, "Baba Azrai, kanyaga! Nimesukuma kwa ajili ya hivi?"

"Siwezi."

"Kwani bovu tena?"

"Gari ni zima kabisa. Siku zile nilibeba roho yangu peke yangu," akasema Derus, macho barabarani. "Leo nimekubeba wewe."

Dada yangu aligeuka akaangalia nje ya dirisha. Akajiweka sawa mtandio.

"Basi zima hiyo indiketa," akasema.

"Nikizima, feni inalala."

Akamwachia. Wakapita kona ya mwisho, tiki-tiki-tiki, wakafika kwenye jiwe la maili, wakavuka.